Kuosha na Kupaka Nta Gari-Nyumba Bila Kujivunja Mgongo

(Mazungumzo ya jioni na familia zilizofika karibuni, Doha)

Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja na viatu bado vina mchanga.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ambayo wengi wenu mtaikuta kabla mwaka haujageuka, na ambayo kwetu ni nadra kuiona: kuosha na kupaka nta nyumba yenye magurudumu. Ikiwa ina injini na usukani wake, tutaiita gari-nyumba. Ikiwa inavutwa nyuma ya gari, tutaiita karavani. Kwa habari ya kuosha, ni mamoja.

Kwa mliofika majuzi, niwaeleze kwa nini kitu hiki kipo hapa. Joto likishapungua, watu wa Qatar huhamia jangwani na pwani. Msimu wa kambi kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wengi huenda Sealine, kusini karibu na Mesaieed, wengine husonga mbele kuelekea Khor Al Adaid, na wengine huenda kaskazini. Huko wanakaa na watoto, wanachoma nyama, wanapokea wageni. Karavani inasimama miezi katikati ya mchanga na hewa ya chumvi. Halafu Aprili inarudishwa mjini, inaegeshwa uani, na jua la kiangazi linaichoma hadi msimu mwingine.

Nani anaiosha? Dereva wa nyumbani, mlinzi, mtunza bustani, kijana wa kampuni ya usafi. Yaani wewe. Pengine mkataba wako hauna neno karavani hata mara moja, lakini siku moja utaonyeshwa pale ilipo na kuambiwa, "Ioshe, ing'ae." Hapo una mambo mawili ya kulinda kwa pamoja. La kwanza ni mwili wako. La pili ni rangi ya chombo ambacho bei yake ni mishahara yako ya miaka. Rangi ikichubuka, swali la kwanza litakuwa ni nani aliyeosha.

Tuanze na ukubwa, maana watu huchoka kwa sababu hawakupiga hesabu. Chukua gari-nyumba la urefu wa mita 7, ukuta wake mita 2.4 kwenda juu, upana mita 2.3. Kuta mbili za pembeni ni karibu mita za mraba 34. Mbele na nyuma, 11. Paa, 16. Jumla ni mita za mraba 61. Hicho si kitu cha kukiendea kama unavyoiendea Corolla, na ndoo moja na kitambaa kimoja, ukizunguka. Ukizunguka gari zima na sabuni, ukirudi ulikoanzia utakuta sabuni imekauka na kuacha alama, na utaosha mara ya pili. Kuchoka kwingi katika kazi hii kunatokana na kufanya jambo moja mara mbili.

Saa ya kuanza

Hili nitalikalia kidogo, kwa sababu ndilo linaloweza kumuua mtu.

Mwezi wa Juni hapa Doha jua linachomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Kufikia saa 2 asubuhi bati limeshakuwa kikaango. Weka nyuma ya kiganja chako juu ya ukuta wa gari na uhesabu hadi tano. Usipoweza kumaliza kuhesabu, usioshe na usipake nta. Maji yatakauka kabla hujayafuta, shampuu itaacha michirizi, na nta itashika kama gundi. Utaisugua hadi bega liume, na bado itabaki na mawingu. Kwa hiyo hata kama hujali afya yako, kazi yenyewe inakataa jua.

Lakini ijali afya yako. Uamuzi wa waziri namba 17 wa mwaka 2021 unakataza kazi za nje mahali pa wazi kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 na nusu alasiri. Nataja saa zetu za Kiswahili. Kwenye simu yako utaona 10:00 hadi 15:30. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu mgeni anaweza kusoma tangazo la 10:00 akadhani ni saa kumi ya jioni. Uamuzi huo pia unasema kwamba wakati wowote wa mwaka, kipimo cha joto na unyevu kwa pamoja kikizidi nyuzi 32.1, kazi isimame. Kipimo hicho si kile cha joto unachokiona kwenye simu. Kinachanganya joto, unyevu, jua na upepo, kwa hiyo nyuzi 32.1 za kipimo hicho ni kali kuliko zinavyosikika. Na mfanyakazi mwenye sababu ya kuamini kwamba joto linahatarisha afya yake ana haki ya kusimamisha kazi.

Mlioajiriwa majumbani mna sheria yenu, namba 15 ya mwaka 2017. Inaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku, na siku ya mapumziko kila wiki. Kuosha karavani ni sehemu ya hizo saa 10. Haiwi kazi ya ziada ya kufanywa usiku wa manane baada ya kumaliza kila kitu.

Ukimwambia bosi, "Mzee, naomba nianze alfajiri, kwa sababu jua litaharibu nta," atakusikia upesi kuliko ukimwambia unaogopa jua. Yote mawili ni kweli. Anza na lile linalomgusa yeye.

Kina mama, ninyi mnaobaki nyumbani na kuona mtu anarudi, zijueni dalili. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza: huyo apelekwe kivulini, anywe maji, alegeze nguo, apumzike. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akapepesuka au akazimia, mwili ukiwa wa moto, hiyo ni hatari ya kufa. Piga 999 mara moja, na huku mnasubiri mmwagieni maji na kumpepea. Msimlazimishe kunywa akiwa hana fahamu. Na kwa anayefanya kazi: kikombe cha maji kila dakika 20, kiu ije au isije.

Kwa gari kubwa, mimi hugawa kazi kwa siku mbili. Alfajiri ya kwanza kuosha, alfajiri ya pili nta. Watu huona ni uvivu. Lakini wanaomaliza yote kwa siku moja ndio wanaolala chini siku ya pili.

Maji, na mpira wa maji

Kwetu tumezoea maji yafanye kazi kwa wingi. Kisumu watu wameingiza magari ziwani kabisa, magurudumu ndani ya maji, na kuoshea hapo hapo. Doha si Kisumu. Maji ya bomba unayoyaona hapa karibu yote ni ya bahari, yamesafishwa kwenye mitambo mikubwa kama ile ya Ras Abu Fontas na Umm Al Houl. Kila lita imepitia moto au mashine kabla ya kufika jikoni kwako. Ndiyo maana sheria ya kuhifadhi umeme na maji, namba 26 ya mwaka 2008 iliyorekebishwa kwa sheria namba 20 ya mwaka 2015, inakataza kuosha gari au ua kwa mpira wa maji ya kunywa. Faini inaweza kufika riyali 20,000. Wanaosimamia ni Kahramaa, shirika la umeme na maji. Kwa hiyo bosi au jirani akikupa mpira na kusema, "Fanya haraka," mweleze kwa upole kwamba utatumia ndoo.

Na ndoo si adhabu. Piga hesabu tena. Mpira ukitoa lita 15 kwa dakika, na ukiuacha wazi dakika 40, umemwaga lita 600. Kwa njia nitakayowaeleza, gari zima linakwisha kwa ndoo nne au tano za lita 15 na pampu mbili za mkono. Chini ya lita 100. Uwani hakuna tope, viatu havilowi, na huburuti mpira mzito kuzunguka magurudumu.

Pampu ninayosema mnaijua. Ni ile ya kunyunyizia dawa shambani, ya kahawa, ya nyanya, ya kupe. Nunua ndogo ya lita 5 au ile ya kubeba mgongoni, iwe mpya. Iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu usiiguse kwa kazi hii. Ongeza ndoo mbili, glavu ya kuoshea ya mikrofaiba, brashi laini yenye mpini mrefu unaovutika, taulo kubwa tatu au nne za mikrofaiba, na shampuu ya gari. Sabuni ya vyombo ina nafasi moja tu: siku unayotaka kuondoa nta ya zamani ili upake mpya. Ukiitumia kila wiki, kila wiki unaifuta nta uliyoitolea jasho.

Vumbi ni msasa

Kosa kubwa ninaloona kwenye maegesho ya mji huu ni mtu kushika kitambaa kikavu na kupangusa vumbi. Vumbi la hapa lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko rangi ya gari. Ukipangusa kavu, unapiga msasa. Simama pembeni jua likiwa chini utaona mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui. Mliotoka Goma mnajua jinsi changarawe za volkano zinavyokula nyayo za viatu. Ni jambo lile lile, ila hapa adui ni laini kwa macho.

Kuna jingine. Usiku wa Agosti na Septemba hewa ya bahari huleta unyevu, umande unalowesha vumbi, asubuhi jua linalikausha. Siku ya kumi ukuta una gamba jembamba la tope. Hilo halitoki kwa nguvu za mkono. Linatoka kwa subira.

Kwa hiyo fanya hivi. Igawe gari katika vipande: mbele, ubavu wa kushoto katika vipande vitatu, nyuma, ubavu wa kulia katika vipande vitatu. Lakini kabla ya kuta, malizia paa, kwa sababu uchafu wa paa wote utashukia ukutani. Ile michirizi myeusi mnayoiona chini ya madirisha na matundu ya hewa inaanzia juu. Mtu anaiosha michirizi kila wiki na haendi juu hata mara moja, kisha anashangaa kwamba imerudi.

Paa lioshwe ukiwa umesimama kwenye ngazi, kwa brashi ya mpini mrefu. Usipande juu mpaka mwenye gari akuambie kwa kinywa chake kwamba paa linabeba mtu. Mapaa mengi ni membamba, na lenye sabuni linateleza kama kambale. Ngazi iwe ya kusimama yenyewe, ile yenye jukwaa. Usiiegemeze kwenye ukuta wa gari, utauacha na bonde. Mwenzako aishike. Ukiwa huna mwenzako siku hiyo, paa lisubiri. Huko juu, pita taratibu kando ya madirisha ya paa na viungo, ile gundi ya kuziba maji ikichubuka mvua itaingia ndani. Mvua hapa ni chache, lakini inaponyesha hunyesha kwa hasira. Ukiona gundi imepasuka, piga picha na umwonyeshe mwenye gari kabla hujagusa. Picha hiyo ni ngao yako.

Sasa ukuta. Jaza pampu maji na shampuu kidogo, kwa kipimo cha kwenye chupa. Nyunyiza kipande kimoja kuanzia chini kwenda juu. Kwa nini chini? Ukianzia juu, maji machafu yanachora mifereji kwenye ukuta mkavu, na mifereji hiyo ni kazi kuitoa. Acha dakika tatu hadi tano, lakini isikauke. Hapa maji yanakufanyia kazi na wewe umesimama. Gamba linalainika. Vinyesi vya ndege na wadudu waliokaukia mbele, waweke kitambaa chenye maji juu yao, uwaache wakati unaendelea kwingine. Ukirudi watatoka kwa kuguswa tu.

Nyunyiza tena, mchanga ushuke. Kisha ingiza glavu kwenye ndoo ya shampuu na uoshe kutoka juu kwenda chini, kwa mistari iliyonyooka. Usizungushe mkono. Kila baada ya mistari michache, suuza glavu kwenye ndoo ya pili yenye maji matupu, uikamue, ndipo urudi kwenye shampuu. Angalia chini ya ndoo ya pili utakapomaliza upande mmoja. Mchanga utakaouona pale ni ule ambao ungekuwa unausugua kwenye rangi. Sehemu ya chini karibu na magurudumu ioshwe mwisho, na kwa glavu nyingine ikiwezekana.

Suuza kwa pampu ya maji safi, kausha kwa taulo palepale, nenda kipande kinachofuata. Kazi hii inakwenda vizuri ikiwa na watu wawili, mmoja anaosha na mwingine anasuuza na kukausha. Mume na mke wanaweza. Nimeona baba na mwanawe wakimaliza gari la mita 7 kwa saa mbili na nusu, bila kukimbizana, huku wanabishana kuhusu mpira.

Madirisha yana habari yake. Madirisha mengi ya magari haya si kioo. Ni plastiki ngumu ya akriliki. Yanachubuka kwa urahisi. Dawa ya vioo ya jikoni yenye amonia, spiriti, au kiyeyusha rangi, vyote vinaweza kuyafanya yapasuke nyufa ndogo ndogo kama ganda la yai, siku hiyo au baada ya wiki. Osha kwa maji na shampuu ile ile, kwa kitambaa ambacho hakijagusa ukuta. Dirisha moja kulibadilisha ni fedha nyingi, na vipuri vyake hapa huagizwa.

Mashine ya presha ikiwepo, na mahali panaporuhusu, usiielekeze kwenye matundu ya friji, kingo za madirisha, wala stika. Maji ya nguvu huingia pasipostahili na hung'oa stika pembeni. Gari lililotoka Sealine, hasa lililopita kwenye ardhi ya chumvi, lina chumvi chini ya tumbo ambako pampu ya mkono haifiki. Hilo lipelekwe kwenye kituo cha kuoshea kinachopokea magari makubwa, ndani ya siku chache. Mwambie mwenye gari hivyo, kutu haisubiri.

Nta

Watu hudhani nta ni ya kung'arisha. Kung'aa ni zawadi ya ziada. Kazi yake ni kukaa kati ya jua na rangi. Mengi ya magari haya yana ukuta wa faibaglasi, na tabaka lake la juu likichomwa na jua mwaka hadi mwaka hugeuka unga mweupe. Pitisha kitambaa cheusi ukutani. Kikitoka na unga kama chaki, nta pekee haitasaidia. Utakuwa unapaka mafuta juu ya vumbi. Hapo panahitaji polishi kwanza, kuondoa unga huo, ndipo nta. Na polishi kwa mkono kwenye mita za mraba 45 za ukuta ni adhabu ambayo simtakii mtu. Mwombe mwenye gari mashine ya kung'arishia, ile inayozunguka huku ikitikisika, si ile ya kuzunguka tu kwa kasi inayochoma rangi kwa asiyejua. Akikataa mashine, mwambie kwamba utafanya upande mmoja kwa wiki.

Nta zenyewe ni za aina nyingi. Ipo ya kopo, ngumu, ambayo mara nyingi ina karnauba, nta ya majani ya mnazi-pori wa Brazil. Inang'aa vizuri, lakini kwa jua la hapa haidumu. Zipo za maabara, za maji, ambazo hudumu zaidi. Na ipo ya kunyunyizia. Sasa rudi kwenye hesabu. Nta ya kopo unaipaka kwa vipande vya sentimita 60 kwa 60. Kuta za gari letu bila paa ni vipande 125. Ukitumia dakika tatu kwa kipande, kupaka na kufuta, ni zaidi ya saa sita. Nta ya kunyunyizia unaipiga wakati unakausha, ukuta ukiwa bado una unyevu, unapitisha taulo, unageuza upande mkavu, unapitisha tena. Inaongeza labda nusu saa kwenye kazi ya kuosha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: nta nzito mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba kabla ya kambi na Aprili baada ya kambi, kabla ya jua la kiangazi. Katikati, ya kunyunyizia kila unapoosha. Ile ya Aprili ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoisahau, kwa sababu msimu umekwisha na hakuna wa kuonyeshwa. Katikati ya kiangazi usipake nta nje kabisa. Upepo wa shamali ukivuma Juni na Julai, utaipaka nta pamoja na mchanga, na ukiifuta unarudi kwenye msasa.

Unapopaka ile nzito, iwe nyembamba. Nyembamba kuliko unavyofikiri. Nta nene haikingi zaidi. Inakuchosha tu kuifuta. Subiri ifanye ukungu, pitisha kidole: kidole kikiacha njia safi, ifute. Kikiburuta, bado. Usiipake kwenye plastiki nyeusi yenye vijipele, wala mipira ya madirisha, itabaki na weupe usiotoka. Usiipake paani mahali ambapo mtu anaweza kukanyaga.

Bosi wengine hununua turubai la kufunika gari uani, wakidhani ndiyo mwisho wa kazi. Turubai ni zuri ikiwa gari lilioshwa kwanza na turubai limefungwa kwa kukaza. Likipepea juu ya gari lenye vumbi, linasugua usiku na mchana bila mshahara.

Dawa nyingi za rimu na za michirizi myeusi zina kemikali kali. Vaa glavu za mpira, usizichanganye kamwe, na usizihamishie kwenye chupa za maji ya kunywa. Nyumba zenu zina watoto, na mtoto mwenye kiu hasomi.

Swali ambalo huulizwa kila mara nalijibu kabla halijaja: jirani amevutiwa, anataka umwoshee na yake, atakulipa. Najua fedha hiyo ina jina tayari. Ni ada ya shule, ni dawa ya mama Bukavu au Mwanza. Lakini kibali chako kinakuunganisha na mwajiri wako, na kumfanyia kazi mtu mwingine bila ruhusa rasmi ni kosa linaloweza kukugharimu ukaazi. Kama mwajiri wako anakubali, ruhusa iandikwe na ipitie njia zake. Wenzetu wa ofisi hapa watakusaidia kujua hatua. Waulize kabla hujashika ndoo ya mtu.

Taulo zifuliwe peke yake, bila kilainishi cha nguo, kwa sababu kilainishi huziba nyuzi na taulo haitanyonya tena. Taulo lililoanguka chini kwenye mchanga halirudi kwenye rangi siku hiyo, hata ukilikung'uta vipi.

Sasa tutoke nje. Kuna karavani kuukuu imeegeshwa nyuma ya jengo, mwenyewe ametuazima, na bati limeshapoa. Ndoo ziko kumi na pampu tano. Jigaweni wawili wawili, kila jozi kipande kimoja, na jozi ya paa inifuate kwanza tukaipime ngazi.